Sweta Lililobaki Ngumbo

Huku kwetu Mapera ukivaa sweta mwezi wa saba hakuna anayekuuliza. Ukilivaa mwezi wa kumi na mbili watasema umezoea tu. Ndivyo nilivyoishi miaka zaidi ya ishirini, mikono mirefu mpaka kwenye vifundo, shambani na kanisani, na baridi ya milimani ikanitunzia siri yangu vizuri kuliko ndugu wengine ninaowafahamu.

Siri yenyewe ilikuwa ngozi. Ilianzia kwenye viwiko, ikaja magotini, ikapanda kisogoni ndani ya nywele, na mwisho ikashuka mikononi. Mabaka mekundu, juu yake ukoko mweupe unaobanduka. Ukikuna unadondoka kama unga, ukizidisha inatoka damu. Hospitali waliniambia ugonjwa huo unaitwa soriasisi, lakini kabla sijafika hospitali nilishapewa majina ya kutosha. Mmoja alisema fangasi. Mwingine alisema damu chafu, ninywe mwarobaini. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alisema nimekula samaki wa mwiko. Samaki gani, jamani? Mimi niliyekulia maharage!

Dawa nazo zilikuwa nyingi kama majina. Nilinywa huo mwarobaini mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilipaka mshubiri, nilipaka mafuta ya nyonyo, na kuna mwaka nilioga maji yenye majivu kwa sababu tu mtu alinishika mkono sokoni akaniapia. Na kila siku nilijisugua kwa dodoki na maji ya moto, yale ya kuchemka hasa, nikiamini kwamba ukoko ni uchafu na uchafu dawa yake ni kusugua. Nilikuwa natoka bafuni nimeiva kama kuku aliyetoka kunyonyolewa. Usiku nawashwa mpaka mume wangu anahamia ukingoni mwa kitanda, lakini hakuwahi kuniambia neno baya. Aliniuliza tu, "Nikukune wapi?"

Halafu binti yetu akapata mchumba wa Ngumbo, kule chini ziwani. Nisiseme uongo, nilipinga. Kijana hakuwa na ubaya wowote. Nilisema ni mbali, kuna joto, kuna mbu, na kwa kula samaki kila siku utaota mapezi. Binti alilia siku ile. Baadaye nikanyamaza, nikabariki, mambo ya harusi yakaendelea.

Wiki mbili kabla ya harusi nilinunua tyubu ya dawa ya kupaka kwenye duka moja mjini Mbinga. Muuzaji hakunipima wala kuniuliza. Alisema, "Mama, hii wiki moja tu." Na kweli bwana, wiki moja. Nilipaka asubuhi, mchana na jioni, kama fundi anayepiga lipu, na siku ya harusi nilikuwa na ngozi ya msichana. Nilivaa gauni la mikono mifupi! Mama wa bwana harusi, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa aliyepanda milima na ukoo wake wote, alinishika mikono yote miwili mbele ya watu akasema, "Mkwe, una mikono mizuri." Nikacheka, nikaona nimeshinda.

Tyubu ikaisha. Baada ya wiki tatu ugonjwa ukarudi, tena haukurudi peke yake, ulikuja na ndugu zake. Mgongoni, tumboni, mpaka ndani ya viganja. Nikarudi kwenye sweta langu la kijani, la shingo ndefu, nililolifuma mwenyewe. Mkwe wangu wa Ngumbo akabaki anajua kwamba nina mikono mizuri.

Miaka miwili ikapita hivyo. Tulisalimiana kwa simu tu, Pasaka na Krismasi, na kila walipotualika ziwani nilikuwa na kahawa ya kuchuma, au ya kuanika, au ya kupalilia. Kahawa haikosi kisingizio.

Kisha binti akapiga simu. "Mama, ni miezi mitatu sasa."

Nilipiga vigelegele mpaka mume wangu akatoka chooni mbio. Nikasikia binti anacheka kule, halafu akasema, "Kwa hiyo utakuja wewe, ee? Kuniogeshea mtoto."

"Nani mwingine?" nikamjibu. "Nitakuja mimi."

Simu ilipokatika nikakaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Kwetu, uzazi wa kwanza ni kazi ya mama mzaa mama. Unakwenda, unakaa mwezi, unamkanda mzazi kwa maji ya moto na kitambaa, unamwogesha mtoto kila siku mpaka mama yake apate nguvu na ajifunze. Na maji ya mtoto mchanga hayapimwi kwa vidole, kwa sababu vidole vya mwanamke wa jikoni haviujui moto tena. Yanapimwa kwa kiwiko. Unatumbukiza kiwiko kwenye beseni, ngozi ya pale ndiyo inayokwambia ukweli.

Viwiko vyangu! Ndipo ugonjwa ulipokaa kama mwenye nyumba. Niliona beseni, niliona ukoko unaelea juu ya maji, na mkwe wangu amesimama pembeni anatazama. Sikuogopa kuambukiza, nilishaambiwa huo hauambukizi. Niliogopa yale macho. Niliogopa aseme kwa upole, "Mkwe, pumzika, mtoto nitamwogesha mimi," na mimi nirudi zangu milimani nikiwa bibi wa kutazama kwa mbali. Nilikuwa na miezi sita ya kupona.

Nikaenda hospitali kwa haraka ya mtu anayewahi mnada. Daktari niliyemkuta siku ile alikuwa na foleni mpaka nje. Aliangalia viwiko, akaandika, na akiwa bado anaandika akasema kuna dawa ya kupaka inayotokana na makaa ya mawe, imewasaidia wengi, ila kwao imeisha, nijaribu kuulizia Songea. Kabla hajamaliza, nilishasimama. Makaa ya mawe? Nikaulizie Songea? Malori ya makaa ya mgodi wa Ngaka yanapita kila siku, vumbi lake tunalijua kwa majina, halafu mimi nipande gari kuyafuata Songea! Niliona daktari ni mgeni tu, haijui wilaya.

Mdogo wake mume wangu ni dereva wa malori hayohayo. Nikampigia.

"Shemeji, niletee makaa."

"Ya kupikia? Yale yana moshi, shemeji, utakufa."

"Si ya kupikia. Ya kujipaka."

"Shemeji, huko nyumbani mko salama?"

Alileta nusu kiroba, vipande vilivyobaki kwenye bodi la lori. Nikavitwanga kwenye kinu, nikachekecha kwa chekeche la unga, na vumbi lake likawageuza kuku wangu weupe wawili kuwa yatima wenye msiba. Mafuta yalikuwapo, ya nguruwe wa Krismasi, kwenye kopo. Nikachanganya, nikapata uji mweusi unaong'aa, na nikakubali mwenyewe kwamba unafanana kabisa na dawa. Nikajipaka viwiko, magoti, mikono yote mpaka kwenye kucha. Nikajifunga vitambaa. Mume wangu alisimama mlangoni akanikagua.

"Mimi nilioa mtu," akasema. "Sasa nalala na injini."

Nilijipaka siku nne. Ya tano ilikuwa Jumapili. Nilinawa kwa sabuni ya mche, nikasugua, nikanawa tena, lakini weusi ulishaingia kwenye nyufa za viganja ukajenga humo. Nikasema si kitu, nitakaa nyuma. Nikasahau kwamba hata nyuma amani inafika. Padri aliposema tupeane amani, mama mmoja wa kwaya akanigeukia na blauzi yake nyeupe, na mimi kwa mazoea nikampa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto nikamshika begani. Nilipoutoa, vidole vyangu vyote vitano vilikuwa vimebaki pale begani.

Akajitazama. "Mama, amani yako hiyo!"

"Na iwe nawe," nikamjibu. Ningesema nini? Nilitoka kabla ya matangazo, nikiwa na hasira na makaa, na shemeji, na Ngaka nzima.

Jumatatu mikono ilikuwa imevimba, inachoma, mabaka yametanuka. Nikarudi hospitali. Safari hii nilimkuta daktari wa kike, kijana, wa umri wa binti yangu. Nilimweleza yote kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutunga uongo. Alianza kunisikiliza vizuri tu, lakini nilipofika kwenye kinu alivua miwani. Nilipofika kwenye mafuta ya nguruwe aliweka kichwa juu ya meza. Alicheka mpaka nesi akafungua mlango kuangalia kuna nini.

"Mama yangu, nisamehe," akasema akijifuta macho. "Ile dawa ni lami inayotolewa kwenye makaa, inasafishwa kiwandani, inapimwa kidogokidogo. Wewe umejipaka mzigo wa kiwanda cha saruji."

Basi na mimi nikacheka. Nilikuwa na maumivu na nilicheka, na tangu pale nikampenda.

Akaniuliza naogaje, nikamwambia habari ya dodoki na maji ya kuchemka. Akatikisa kichwa. Akaniuliza nimewahi kutumia tyubu zipi, nikamwambia ya harusini. Hapo hakucheka. Alisema dawa kali kama ile ukiipaka ovyo na kuiacha ghafla, ngozi inalipuka, na nimeona mwenyewe. Akaniandikia mafuta ya kulainisha ukoko na dawa nyingine ya kupaka kwa vipimo vyake: kiasi cha ncha ya kidole, sehemu yenye baka tu, kwa wiki alizozihesabu yeye, kisha kupunguza taratibu, si kuacha tu. Maji ya uvuguvugu. Dodoki nitupe. Nikitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, nijipake mafuta ya mgando mengi bila aibu. Jua la asubuhi dakika chache kwenye mikono. Na nisijikwaruze, kwa sababu kila panapochubuka baka jipya linaweza kuota. Nikamwonyesha mistari ya mabaka kwenye mkono, akaniuliza imetoka wapi. Matawi ya mibuni. Miaka yote ile nilikuwa napanda ugonjwa mwenyewe kila msimu wa kuchuma!

"Sawa," nikasema. "Kufikia mwezi wa tisa nitakuwa nimepona?"

"Mama, huu hauponi. Unatulia. Halafu siku nyingine unaamka, tunautuliza tena."

Nikamweleza habari ya mjukuu. Nikamweleza mpaka kiwiko. Alinisikiliza, kisha akasema mtoto hatapata neno, ninawe mikono vizuri tu dawa isimguse. Hilo la macho ya mkwe hakuwa na dawa yake kwenye stoo.

Msimu ule ulikuwa mzuri, nasema kweli. Mume wangu alinipiga marufuku kuingia katikati ya mibuni. Alichuma yeye, mimi nikawa wa kuchambua na kuanika, nimevaa glovu wakati wa kumenya kahawa ili ule utelezi usinichome. Asubuhi nilikaa kwenye ngazi ya nyuma nimekunja mikono ya sweta, naota jua na kikombe cha chai. Jioni yeye ndiye aliyenipaka mgongoni. Ana mikono migumu ya jembe, lakini kwa kazi ile alijifunza wepesi. Alikuwa anapaka huku ananihadithia nani kavuna magunia mangapi ya mahindi na ng'ombe wa nani kaingia kwenye ngoro za nani, yale mashamba yetu ya mashimo, na mimi nasinzia. Kuwashwa kulipungua. Nililala. Unajua raha ya kulala usiku mzima baada ya miaka? Niliamka siku ya kwanza nikadhani nimekufa.

Viganja vikasafika. Mgongo ukabaki na alama tu. Lakini mwezi wa tisa ulipoingia viwiko vilikuwa bado vina ukoko, mwembamba kuliko zamani, ila upo, na baka moja refu kwenye mkono wa kushoto lilikataa kata kata. Mkwe akapiga simu: mtoto wa kiume, mama yake mzima, njoo.

Nilipita mjini Mbinga kununua sabuni ya mtoto. Na lile duka lilikuwa wazi. Nilisimama mbele yake, tyubu naziona pale kwenye rafu. Wiki moja tu. Nikafikiria, nikafikiria. Nikakumbuka daktari alivyoacha kucheka. Nikaondoka, na badala ya tyubu nikavaa sweta la kijani na kupanda gari la kushuka ziwani.

Barabara inashuka mpaka masikio yanaziba. Kila kona joto linaongezeka kama mtu anayefungua mlango wa tanuru kidogokidogo. Nilipofika Ngumbo mgongo wangu ulikuwa umelowa. Mkwe akaja mbio kunipokea, "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele amina!" akaninyang'anya mzigo wa maharage, akanitazama juu mpaka chini.

"Mkwe, husikii joto?"

"Nimezoea," nikasema, jasho linanitiririka puani.

Mjukuu alikuwa amelala, mwekundu, amekunja ngumi. Nilimwona nikalia. Nilimbeba amefungwa khanga tatu. Lakini maji yalipoletwa nikasema nina mafua, nisije nikampumulia mtoto. Kesho yake mafua yaliendelea. Siku ya tatu nikaongeza na maumivu ya kiuno. Nilipika, nilifua nepi zote kwa glovu, nilifagia uwanja mpaka ukabaki bila vumbi, nikamkanda binti miguu kwa kitambaa kirefu. Kila beseni lilipotokea, mimi nilikuwa jikoni. Mkwe ndiye aliyemwogesha mtoto, na binti alikuwa ananifuata kwa macho.

Siku ya nne akaniambia. Alikuwa ananyonyesha, hakuniangalia.

"Mama, bado hujanisamehe."

"Nini?"

"Kuolewa huku. Umekuja kwa sababu desturi inakulazimisha. Mtoto wangu humtaki, hata kumwogesha hutaki."

Ningemwambia nini, kwamba nimeficha mikono miaka miwili kwa sababu mkwe aliisifia? Nilitoka nje nikaenda nyuma ya jiko, karibu na chanja wanakoanika usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Nikakaa juu ya mtumbwi mbovu, nikalia kwa sauti. Sikujali nani anasikia. Niliumia. Mtoto wangu mwenyewe alidhani simpendi, na aliyemfanya adhani hivyo ni mimi na sweta langu.

Nikasikia nyayo. Mkwe. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Hebu niambie," akasema. "Mimi na wewe ni nani kwa nani?"

"Wakwe," nikasema nikijifuta kwa ncha ya mkono wa sweta.

"Na Wanyasa wa huku na Wamatengo wa kwenu milimani?"

"Watani."

"Vizuri. Basi ukwe nimeuacha ndani kwa mtoto. Hapa nimekuja na utani."

Na kabla sijajua anafanya nini akashika sweta langu chini, akalivuta juu, kichwa kikakwama kwenye ile shingo ndefu, akavuta tena, nikatoka ndani yake na nywele zimesimama. Mkwe hamvui mkwe nguo, hata akiwa anaungua moto. Lakini mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kukasirika, hiyo ni sheria, tangu mababu. Nilibaki nimekaa na fulana, mikono yote nje juani, viwiko, lile baka refu, kila kitu. Nikaficha mikono mapajani.

"Itoe," akasema. "Unaificha nini? Mwanao aliniambia habari yote wiki ya kwanza alipoingia nyumba hii. Alisema, 'Mama yangu ana ugonjwa wa ngozi, hauambukizi, akija msimshangae.' Tukasema sawa. Nikasubiri uje. Mwaka wa kwanza kahawa, mwaka wa pili kahawa. Nikajiuliza, huyu mtu ananikwepa mimi au ananikwepa joto?"

"Siku ya harusi ulisema..." nikaanza.

"Kwamba una mikono mizuri? Nilisema. Ilinishika kama haitaki kumwachia mtoto aondoke. Wewe ulidhani nasifia ngozi? Mimi nauza ngozi?"

Akanishika kiwiko, akakigeuza kwenye jua kama anayekagua samaki. "Vimagamba hivi tu! Sisi huku tunaishi na magamba tangu tumezaliwa. Mmatengo wewe, ungechelewa kidogo ningekuanika na usipa."

Nilicheka huku nalia, makamasi yananitoka. Yeye wala hakunisubiri. Alilibeba sweta mpaka kwenye chanja, ambako walikuwa wamesimamisha miti miwili iliyofungwa msalaba kutishia kunguru, akalivalisha ile miti, akavuta mikono ikae sawa. Kunguru wawili waliokuwa juu ya chanja wakaruka.

"Unaona?" akapaza sauti ili hata waliokuwa ufukweni wasikie. "Tumepata Mmatengo wa kulinda usipa! Sasa njoo, maji yanapoa."

Nikaingia ndani na fulana. Binti yangu aliangalia mikono yangu, akaangalia uso wangu, akaelewa kila kitu palepale. Aliziba mdomo. "Mama jamani," akasema, "kumbe ni hiyo?" Nikasema ndiyo, ni hiyo. Nikamwambia nampenda mtoto wake mpaka nimeugua mafua ya uongo. Akacheka, na yeye akalia, sote tukawa hivyo.

Nilinawa kwa sabuni mpaka juu. Mkwe akamimina maji kwenye beseni, ya moto, kisha ya baridi, akaweka ndoo chini. Halafu akakunja mikono yake akanisubiri. Wote walinisubiri. Nikapiga magoti, nikakunja mkono wa kushoto, ule wenye baka, na nikatumbukiza kiwiko.

"Haya, tuambie," mkwe akasema. "Yakoje?"

"Bado ya moto kidogo," nikasema. "Ongeza baridi."

Akaongeza.

Mume wangu mdogo, maana kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, alinikojolea kifuani dakika ya kwanza ya ndoa yetu. Nilimwogesha siku ile na siku zote zilizobaki, mwezi mzima na siku kadhaa juu yake. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mkwe alikuwa ananiweka kwenye kigoda karibu na chanja, mikono nje, dakika zangu zikiisha ananifukuza kivulini. Jioni nilijipaka dawa yangu kama daktari alivyosema, nikanawa. Viwiko vikalainika. Lile baka refu likabaki alama ya rangi ya waridi. Sijui nilipe shukrani kwa jua, au kwa dawa, au kwa kule kulala bila wasiwasi. Daktari nilipomuuliza alisema hata yeye hawezi kuvitenganisha.

Nilirudi Mapera bila sweta. Sikuthubutu kumdai mtani. Mume wangu alinikuta stendi natetemeka, akavua koti lake akanivalisha, akauliza sweta liko wapi, nikamwambia limepata kazi. Siku hizi nafuma mengine, lakini ninayakata mikono kwenye viwiko. Wanawake wa jumuiya wakiniuliza ni nini hiki nawaambia jina lake, nawaambia hauambukizi, na nikiona mtu anataka kujipaka kitu cha ajabu namsimulia habari ya kinu. Yule mama wa kwaya bado akiniona wakati wa amani anageuza kiganja changu kwanza, anakikagua, ndipo ananipa mkono.

Ugonjwa haujaondoka. Mwezi wa saba uliopita uliamka tena, tukautuliza. Jana binti alipiga simu. Ana mimba ya pili, ya miezi saba sasa, na najua uzazi wa pili desturi hainilazimishi. Nikamwuliza huko wanasemaje.

"Bibi wa huku anasema sweta lako bado liko kazini, usilete lingine," akasema. "Anasema uje na mikono tu."

Baada ya simu nilijiangalia. Kiwiko cha kushoto kimeanza kukauka kwa hii baridi. Nikakipaka mafuta, nikaenda kutafuta mfuko wa kuwekea maharage.